Wodi ya Hatujambo

Ilikuwako nchi, na iko hadi leo, ambayo wenyewe wameomba isitajwe kwa sababu ya unyenyekevu. Mkiitafuta kwenye ramani mtaiona. Ni ile ambayo watu wake wote ni wazima. Wala hili si jambo la kubahatisha. Limefanyiwa utafiti, likachapishwa kwenye karatasi nzuri inayong'aa, na nakala moja imewekwa chini ya mguu wa meza ya Profesa Chitema ili meza isitikisike.

Mambo yalianza siku wataalamu wa dunia walipokutana wakakubaliana kwamba tiba ya kisasa lazima imsikilize mgonjwa. Walisema vipimo vya damu ni vizuri, na picha za mapafu ni nzuri, lakini anayejua mwili unavyojisikia ni mwenye mwili. Basi kila utafiti wa dawa umuulize yeye pia. Profesa Chitema alikuwamo ukumbini, safu ya nyuma karibu na chai, na maneno yale yalimwingia. Aliporudi nyumbani aliamuru kwamba, kwa kuwa sasa mgonjwa atasikilizwa, vipimo vyote vifungiwe stoo.

Hojaji ilikuja kutoka ng'ambo ikiwa na maswali thelathini na sita. Je, unaweza kupanda ngazi? Je, maumivu yanakunyima usingizi? Je, wiki hii umekata tamaa mara ngapi? Ikakabidhiwa Kamati Ndogo ya Tafsiri, mabwana sita wenye suti, nao wakaishughulikia kwa miaka miwili katika hoteli ya kando ya ziwa. Siku ya kuikabidhi, mwenyekiti wao alisimama, akakohoa kitaalamu, akasema lugha yetu ni tajiri kupita za wenzetu, kwani yale waliyoyahangaikia kwa maswali thelathini na sita, sisi tunayauliza kwa neno moja tu.

Neno lenyewe lilikuwa "Hujambo?"

Ukumbi ulipiga makofi mpaka mwenyekiti akatoa leso. Hakuna aliyeuliza watu wa nchi ile hujibu nini wanapoulizwa hivyo, maana kila mtu alikuwa anajua.

*

Bi Mwanakombo alikuwa amelazwa Wodi Namba Tano kwa kidonda cha mguu wa kushoto, ambacho ugonjwa wa sukari ulikuwa umekikataza kufunga. Alikuwa kungwi. Kwa miaka arobaini aliwafunda wari wa mji mzima: namna ya kukaa, namna ya kunyamaza, namna ya kumtazama mama mkwe bila kumtazama. Lakini somo lake la kwanza, alilolitoa kabla hata ya mwari kuketi mkekani, lilikuwa salamu.

"Sijambo ni mlango," alikuwa akiwaambia. "Mgeni akibisha hodi humwagii maji ya vyombo. Unamfungulia, anaingia, anaketi. Ndipo unasema: sijambo, ila. Baada ya hiyo ila, mwanangu, sema yote, hata ukitaka kulia lia."

Alikuwa mkali katika hili. Inasimuliwa kwamba mwari wake mmoja, akiwa katika uchungu wa pacha, aliulizwa na mkunga hujambo, akajibu sijambo ila naona wanakuja, na mkunga akashika kichwa cha wa kwanza kabla hajamaliza kuitikia.

Muuguzi wa wodi, Sista Zamaradi, naye alipita mkekani kwake. Ndiyo maana hakumwita Bi Mwanakombo mgonjwa, wala kitanda namba saba kama kanuni zilivyotaka. Alimwita Somo, kama wari wanavyomwita kungwi wao.

Utafiti ulipoanza, wodi iligawanywa katikati. Waliolala kulia walipewa vidonge vipya vya rangi ya zambarau, tumaini la taifa. Waliolala kushoto walipewa vidonge vya zambarau vile vile kwa sura, lakini ndani yake mlikuwa na sukari tu, ili ijulikane dawa inazidi nini pasipo na dawa. Kitanda namba saba kilikuwa kushoto. Sista Zamaradi alikwenda kuuliza kama ni sawa mgonjwa wa sukari kupewa vidonge vya sukari, akaambiwa kwamba utafiti haumpendelei mtu.

Kila asubuhi alikuja karani mhoji, Bwana Nassibu, mtu mzima mwenye viatu vinavyolia, na kishikwambi mkononi. Kwenye kioo chake palikuwa na vitufe viwili. Cha kwanza kiliandikwa SIJAMBO. Cha pili kiliandikwa HAKUITIKIA, nacho kilikusudiwa marehemu, kwani Kamati Ndogo ya Tafsiri iliona kwamba mtu mstaarabu haachi salamu bila jibu isipokuwa ana udhuru huo.

Siku za mwanzo Bwana Nassibu alianza na shikamoo, kama mtoto wa watu. Lakini wazee walikuwa wakijibu marahaba, na marahaba ilivuruga takwimu, ikabidi aachishwe.

"Hujambo?" alimuuliza Bi Mwanakombo.

Bi Mwanakombo alimsamehe ile shikamoo iliyokosekana, akajiweka sawa juu ya mto, akasema, "Sijambo, baba. Ila huu mguu..."

Viatu vilikuwa vimeshafika kitanda namba tisa.

Kesho yake alijaribu kusema haraka zaidi. Keshokutwa alijaribu kumshika mkono. Lakini Bwana Nassibu alikuwa na wodi tano na jibu moja, na ila ya Bi Mwanakombo ikawa inabaki hewani kila asubuhi, haina pa kuketi.

*

Baada ya mwezi matokeo yalisomwa. Waliomeza dawa walisema sijambo, asilimia mia. Waliomeza sukari walisema sijambo, asilimia mia. Profesa Chitema aliyatazama majedwali kwa muda mrefu, kisha akatangaza kwamba nchi imegundua kitu ambacho dunia haijawahi kukiota: sukari ni dawa sawa na dawa. Vidonge vipya vikarudishwa kiwandani kwa shukrani.

Ila mwanasayansi hatosheki. Mwezi wa pili alitaka kujua kama hata sukari inahitajika, hivyo upande wa kulia wakapewa sukari na upande wa kushoto wasipewe kitu. Asilimia mia, asilimia mia. Mwezi wa tatu hakuna aliyepewa kitu, na wodi nzima ikajibu kwa pamoja, "Hatujambo!" kwa sauti iliyosikika hadi jikoni. Hapo Profesa alitambua kwamba kilichokuwa kinaponya muda wote ule ni salamu yenyewe. Akaiita Tiba Salamu, akaiombea hakimiliki.

Ikabaki namna ya kuwaruhusu watu waende nyumbani. Ilikubaliwa kwamba daktari atamwambia mgonjwa "Pole," na mgonjwa akijibu "Nishapoa," aandikiwe kuwa amepona. Mjumbe mmoja aliuliza kama kupoa na kupona ni kitu kimoja. Profesa alieleza kwa upole kwamba tofauti yake ni herufi moja, na herufi moja imo ndani ya kiwango cha makosa kinachokubalika kimataifa.

*

Mtu wa kwanza kuharibu alikuwa Mwasiti wa kitanda namba tisa, mshona vitambaa, mama wa watoto wawili, aliyekuwa akisumbuliwa na moyo. Asubuhi moja Bwana Nassibu alimuuliza hujambo, naye, bila mlango wala ukumbi, akasema, "Naumwa!"

Wodi ilishtuka. Bwana Nassibu alitazama vitufe vyake, akatazama dari, akaenda kuita wakubwa.

Sasa, kila utafiti mkubwa duniani huwa na Kamati ya Maadili, kazi yake ikiwa kuwalinda wagonjwa wasifanyiwe yasiyofaa. Katika nchi ile kamati hiyo ilikuwapo, tena hai, ila wajumbe wake walisoma jina la kamati yao wakalielewa kama lilivyoandikwa: kazi yao ni maadili. Wakakagua kama wagonjwa wamekaa kwa heshima, kama mashuka yamefunika magoti, kama watu wanaitikia vizuri. Na kwa kuwa walitaka kati yao awepo mjuzi wa adabu, tena mgonjwa, walikuwa wamemwomba Bi Mwanakombo ajiunge nao. Alisukumwa hadi kikaoni kwa kiti cha magurudumu, amejitanda kanga mpya, na hatudanganyi tukisema kwamba alifurahi. Tangu alazwe, hapo ndipo watu walipomsikiliza hadi mwisho wa sentensi.

"Mama," mwenyekiti alimuuliza, "mtu akiulizwa hujambo, akajibu naumwa, kwa mafunzo yako hiyo ni nini?"

Bi Mwanakombo alimtazama Mwasiti, aliyekuwa ameegemea ukuta, midomo imekauka.

"Hiyo ni kukosa kufundwa," akasema. "Salamu ina taratibu. Huyu si mwari wangu."

Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Ikaamuliwa kwamba Mwasiti aondolewe katika utafiti kwa utovu wa maadili, na kwa kuwa vitanda vyote vilikuwa vya utafiti, akaondolewa na kitandani. Ndugu zake walikuja kumchukua. Alipopita namba saba alimtazama Bi Mwanakombo tu, naye akajishughulisha na upindo wa kanga.

Siku ya tisa habari ikafika wodini kwamba Mwasiti amefariki. Bwana Nassibu alithibitisha kwamba kifo hicho hakikugusa asilimia, maana marehemu alikuwa ameshatolewa kwenye hesabu akiwa hai.

Bi Mwanakombo hakula siku ile. Sista Zamaradi alimkuta amegeukia ukutani.

"Mimi ndiye niliyemtoa," akasema. "Kwa kinywa changu hiki."

"Somo, walikuuliza habari za adabu, ukajibu habari za adabu."

"Na yeye aliulizwa habari za moyo wake, akajibu habari za moyo wake. Kati yetu nani hakufundwa?"

Zamaradi alifunua shuka, akakifungua kidonda alichokuwa akikiosha kwa maji ya chumvi kwa siri, kwa kuwa kumhudumia mtu aliyesema sijambo kulihesabiwa ni kuingilia utafiti. Weusi ulikuwa umetoka vidoleni, unapanda.

"Nikuambie ukweli?" akauliza.

"Nilikufunza kusema kitu kingine?"

"Ijumaa Waziri anakuja kutangaza kwamba nchi imepona. Baada ya hotuba mtaambiwa pole, mtasema nishapoa, na wodi itafungwa. Huu mguu ukienda nyumbani hivi ulivyo, wiki moja utakuwa si wako. Wiki mbili, na wewe hutakuwa wetu. Na Dakta Mkwizu wa upasuaji yuko pale mwisho wa ukumbi, miezi minane hajamshika mtu, kwa sababu haruhusiwi kumwona yeyote asiye na jambo. Neno moja tu, Somo. Ijumaa watakuuliza wewe, wamekuchagua uwe mfano. Wakikuuliza, usianze na sijambo."

"Mbele ya wageni?"

"Mbele ya wageni."

Bi Mwanakombo alifumba macho. Aliogopa kufa, hilo tuliseme wazi. Na mguu wake aliupenda, ulikuwa umemchezesha ngoma nyingi. Lakini miaka arobaini ya sijambo ilikuwa imemkaa kooni kama mfupa wa samaki, na alijua siku ile ikifika itatoka yenyewe.

*

Ijumaa wodi ilipakwa rangi hadi usawa wa macho ya Waziri. Ukutani palitundikwa kitambaa kirefu chenye maandishi mekundu: KIPYA KINYEMI. Methali ilikuwa iandikwe nzima, lakini kitambaa kiliisha. Bi Mwanakombo, akiwa namba saba, aliisoma akaimalizia moyoni: ingawa kidonda.

Mheshimiwa Waziri alihutubia kwa saa moja na nusu. Alisema zamani wagonjwa wetu walikuwa wakichomwa sindano ovyo ovyo, wakitolewa damu bila hata kujuana, lakini serikali sikivu imeleta mapinduzi ya kumsikiliza mgonjwa. Alisema mataifa makubwa yenye mashine kubwa bado yana wagonjwa, na akaomba wajiulize kwa nini. Alisema mtu akisikia maumivu baada ya leo, ajue hayo si maumivu ya nchi hii. Kisha akageukia vitanda, akapunga mkono.

"Hamjambo?"

"Hatujambo!" ikaitika wodi. Mwanamke wa namba kumi na mbili, ambaye hakuwa na nguvu ya kusema, aliitika kwa kuinua kidole.

Kamera zikasogea namba saba. Waziri akainama, tabasamu limemjaa.

"Na huyu ndiye bibi yetu, mjumbe wetu wa maadili! Bi Mwanakombo, hujambo?"

Sijambo ilikuja. Aliisikia ikipanda, ile ile aliyowafundisha wari mia nne, ikafika ulimini. Akamtazama Zamaradi aliyesimama nyuma ya wapiga picha. Kisha akatazama kitanda namba tisa, kilichotandikwa shuka jipya, hakina mtu.

"Ninalo," akasema.

Waziri hakuelewa. "Unalo nini, mama?"

"Umeniuliza kama sina jambo. Ninalo."

Bwana Nassibu alitazama kishikwambi, kidole kikielea juu ya vitufe viwili. Akamtazama Profesa Chitema.

"Amesema sijambo?" Profesa akauliza.

"Hapana, Profesa."

"Basi hakuitikia."

Kidole kikashuka. Kishikwambi kikalia kidogo, kama mlio wa kijiko kwenye kikombe.

"Jamani, mimi si huyu hapa?" Bi Mwanakombo akasema. "Ninaongea!"

"Naomba marehemu asiingilie shughuli," akasema Profesa, si kwa ubaya.

Waziri alikuwa mtu mwepesi. Alivua kofia, akatoa pole kwa wafiwa, akamsifu Bi Mwanakombo kwa mchango wake katika sayansi, akaomba wote wasimame kwa dakika moja ya ukimya. Bi Mwanakombo hakuweza kusimama, lakini kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, alinyamaza dakika nzima pamoja nao.

*

Kumbe lilikuwapo jambo moja ambalo Kamati Ndogo ya Tafsiri haikuligusa. Katika sanduku lililoleta hojaji kutoka ng'ambo mlikuwa pia na Fomu ya Kifo, kurasa kumi na moja, na wale mabwana sita, kwa kuogopa mkosi, hakuna aliyetaka kuifungua. Ikabaki kama ilivyoandikwa. Ilisema kwamba mtu akifa katika utafiti, lazima aangaliwe na daktari bingwa siku hiyo hiyo, kuanzia utosi hadi wayo, vipimo vyote vitolewe, na chanzo kijulikane, la sivyo utafiti wote ni batili. Profesa hakutaka utafiti uwe batili. Stoo ikafunguliwa.

Dakta Mkwizu alikuja mbio, koti limemkaa upande, akiwa na furaha ambayo haikulingana na msiba.

"Marehemu," akasema, akiketi ukingoni mwa kitanda na kalamu mkononi, "samahani. Inauma hapa?"

"Inauma."

"Na hapa?"

"Hapo hapana. Hapo hapana hisia."

"Tangu lini?"

"Tangu kabla sijafa."

Akaandika. Akauliza anakula nini, usiku anaamka mara ngapi, kama macho yanaingia ukungu, kama amekata tamaa na mara ngapi. Bi Mwanakombo alijibu moja baada ya jingine, na ila zote zilizokuwa hewani tangu mwezi wa kwanza zikapata mahali pa kuketi. Ukurasa wa sita alianza kulia. Dakta Mkwizu hakuhama. Ukurasa wa saba ulidai sukari ipimwe, ikapimwa, na namba iliyotoka ilimfanya aite insulini kwa sauti ya juu. Ukurasa wa tisa ulidai kidonda kifunguliwe hadi nyama nzima ionekane. Alilazwa usingizi, kikafunguliwa, kikasafishwa. Vidole viwili vilikwenda. Mguu ukabaki.

Uamuzi wa kufunga wodi ulisimamishwa mpaka fomu ikamilike. Asubuhi iliyofuata Bwana Nassibu aliingia na viatu vyake vinavyolia, akasimama katikati.

"Hamjambo?"

Hakuna aliyejibu. Wanawake thelathini na mmoja walimtazama kwa adabu zote, shuka zimefunika magoti, midomo imefungwa. Namba kumi na mbili alishusha kidole. Bwana Nassibu alirudia salamu mara tatu, kisha akaanza kubonyeza kitanda hadi kitanda, na Dakta Mkwizu akaomba aongezewe wasaidizi wawili na fomu za kutosha.

Ripoti ilitoka kama ilivyopangwa. Profesa Chitema aliandika kwamba, hadi mwisho wa utafiti, hakupatikana mgonjwa hata mmoja aliyejibu vibaya.

*

Miezi miwili baadaye Sista Zamaradi alikwenda kumtembelea Somo wake. Serikali ilikuwa bado inamhesabu marehemu, na mjumbe wa mtaa alikuwa ameshamletea barua ya rambirambi, aliyoipokea mwenyewe na kumkaribisha maji. Alimkuta uani, amekaa mkekani, mguu umenyooka, kidonda kimefunga.

"Shikamoo, Somo."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

"Nimekaribia. Hujambo?"

Bi Mwanakombo aliutazama mguu wake, akahesabu vidole vilivyobaki, akatikisa kimoja.

"Sijambo," akasema. Safari hii, kuhusu mguu, ilikuwa kweli tupu.

Watu wengine hapo wangeanza kusifu hali ya hewa. Zamaradi alibaki amemtazama.

"Ila?" akauliza.

Mkono wa Bi Mwanakombo ulikuwa unatafuta upindo wa kanga.

"Ila Mwasiti," akasema.

Zamaradi akavua viatu, akaketi mkekani karibu naye, akasikiliza.